Kijerumani cha kati: karo yako inanunua nini darasani

Mwanafunzi aliyemaliza ngazi ya A2 ya Kijerumani akianza kutafuta darasa la B1 mjini Nairobi hupewa kitu kimoja tu cha kulinganisha, nacho ni karo. Chuo hiki kinataka elfu ishirini na tano, kile elfu arobaini na tano, kingine kinasema lipa nusu leo na nusu mwezi ujao kwa M-Pesa. Basi anachagua cha bei nafuu, au anachagua cha ghali kwa kuamini kwamba bei ni dalili ya ubora, na kwa vyovyote vile hajui alichonunua. Nimezungumza na watu wengi wa aina hii, vijana wanaotafuta Ausbildung (mafunzo ya kazi ya Ujerumani), wauguzi, wahudumu wa hoteli za Pwani, na ninasema bila kusita kwamba pesa nyingi hupotea katika ngazi hii ya kati kuliko ngazi ya mwanzo. A1 mtu anaweza kuipita kwa kukariri. B1 haikaririki.

Haja imeongezeka kwa sababu zinazojulikana. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Miezi michache kabla yake, tarehe 1 Juni, Ujerumani ilikuwa imeanzisha Chancenkarte, kibali cha kwenda kutafuta kazi kwa mfumo wa pointi. Habari hizo ziliwasha matumaini katika nyumba nyingi, na palipo na matumaini madarasa hayakawii kufunguliwa. Mengine ni mazuri kweli. Mengine yana ubao mweupe, spika ndogo na mwalimu ambaye yeye mwenyewe ameishia B1. Makubaliano hayo hayakuondoa sharti la lugha hata kidogo, kwa hiyo anayedhani safari imerahisishwa arudi kwenye kitabu.

Jambo la kwanza la kupima ni kiwango unachohitaji hasa, maana kila ngazi ina gharama zake. Anayekwenda kuwa au pair, mlezi wa watoto anayeishi na familia mwenyeji, hudaiwa A1. Chancenkarte hukubali Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, pamoja na masharti mengine ya elimu na pointi. Anayekwenda Ausbildung kwa kawaida hudaiwa B1 kwa ajili ya viza, ingawa shule nyingi za uuguzi hupendelea B2. Muuguzi aliyekwisha kuhitimu hapa nyumbani na anataka shahada yake itambuliwe kule, kwa kawaida atadaiwa B2. Anayetaka shahada ya chuo kikuu inayofundishwa kwa Kijerumani apange kufika kiwango cha TestDaF, mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo kikuu, na vyuo vingi hutaka ngazi ya 4 katika sehemu zote nne. Kiongozi wa watalii wa Diani hadaiwi cheti chochote. Anadaiwa kuelewana na mgeni. Watu hawa wote huketi darasa moja la B1 na kulipa karo moja, ilhali mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Sasa tuje kwenye saa. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, hukadiria kwamba kutoka sifuri hadi kumaliza B1 mtu huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, na hadi kumaliza B2 vipindi 600 hadi 800. Pengo ni kubwa kwa sababu watu hutofautiana: aliyekwisha kujifunza Kifaransa shuleni na anayesoma kila usiku hataenda sawa na anayetoka kazini saa moja jioni akiwa hoi. Lakini makadirio hayo yanatosha kukuonyesha tangazo la kuliogopa. Chuo kinachoahidi kukutoa sifuri hadi B2 kwa miezi minne, siku tatu kwa wiki, saa mbili kwa siku, kinakuuzia vipindi visivyofika 150. Hakuna mwalimu duniani mwenye uwezo wa kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo ukipewa karo, igawe kwa vipindi. Tuchukue mfano wa vyuo viwili kwa hesabu za kawaida. Chuo cha kwanza kinatoza shilingi 25,000 kwa B1: wiki 12, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Hizo ni saa 72, yaani vipindi 96 vya dakika 45. Kila kipindi kinakugharimu kama shilingi 260. Chuo cha pili kinatoza 45,000: wiki 8, siku tano kwa wiki, vipindi vinne kwa siku, jumla vipindi 160. Kila kipindi kinakugharimu kama shilingi 281. Karo zilizoonekana kuachana kwa elfu ishirini zimekaribiana sana. Ongeza nauli, tuseme shilingi 200 kwenda na kurudi: siku 36 kwa chuo cha kwanza ni 7,200, siku 40 kwa cha pili ni 8,000. Bado zinakwenda bega kwa bega.

Tofauti ya kweli inajitokeza ukihesabu vichwa. Tuseme darasa la kwanza lina wanafunzi 35 na la pili 16, na katika kila kipindi wanafunzi hupata dakika 15 za kuzungumza huku mwalimu akisikiliza na kusahihisha. Katika darasa la watu 35, kwa muhula mzima, kila mmoja atapata dakika 41 hivi. Katika darasa la watu 16 atapata dakika 150. Dakika moja ya kuzungumza mbele ya mwalimu imegharimu shilingi 600 na kitu katika darasa la bei nafuu, na shilingi 300 katika darasa la ghali. Mazoezi ya wawili wawili huongeza dakika hizo, ni kweli, lakini mwenzako wa B1 hawezi kukusahihisha kosa ambalo na yeye analifanya.

Ninashikilia dakika hizo kwa sababu ndizo zinazopimwa mwishoni. Goethe-Zertifikat B1, mtihani wa Goethe-Institut, ina moduli nne: kusoma dakika 65, kusikiliza kama dakika 40, kuandika dakika 60, na kuzungumza kama dakika 15, wawili wawili. Kila moduli ina alama 100 na unahitaji 60 ili upite. Katika kuzungumza mnaanza kwa kupanga jambo pamoja, kwa mfano kumtembelea mwanafunzi mwenzenu aliyelazwa hospitalini: nani anunue zawadi, twende saa ngapi, tufikeje. Halafu kila mmoja anatoa maelezo mafupi kuhusu mada aliyopewa, kisha anaulizwa swali na kulijibu. Mtu aliyekaa miezi mitatu akijaza mapengo kwenye karatasi huishiwa maneno hapo hapo, hata kama anaijua sarufi yote. Katika kusikiliza, sehemu ya pili na ya tatu huchezwa mara moja tu. Hakuna kurudiwa.

Na kuandika nako kuna yake. B1 inadai maandishi matatu: barua pepe ya maneno 80 kwa rafiki, maoni ya maneno 80 kuhusu mada fulani, na ujumbe rasmi wa maneno 40. Fikiria mwanafunzi ameandika: „Ich kann leider nicht kommen, weil ich habe einen Termin.“ Kila neno ni sahihi ila mpangilio: baada ya „weil“ kitenzi hukaa mwisho. Mwalimu mwenye daftari 35 mezani huweka alama ya vyema, huandika „gut“ pembeni, na kuendelea. Mwalimu mwenye muda huzungusha duara kwenye „habe“, huchora mshale mpaka mwisho wa sentensi, na chini huandika: niletee kesho sentensi kumi, tano za „weil“ na tano za „obwohl“. Kesho anazisoma. Wiki inayofuata anampa nyingine za „dass“ na „damit“. Ndani ya mwezi mmoja kitenzi kimezoea kukaa mwisho. Kazi hiyo ya mshale na duara ndiyo unayoilipia. Ukikuta chuo ambacho daftari zake hazina wino wa mwalimu, hata karo ikiwa elfu kumi, ni ghali.

Ule ujumbe rasmi wa maneno 40 unaonekana mdogo lakini huangusha wengi, hasa kwa kuchanganya „du“ ya rafiki na „Sie“ ya heshima au kuanza na „Hallo“ mahali pa „Sehr geehrte Frau“. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo huliona jambo hili upesi akielezwa mara moja. Shida ni kwamba katika madarasa mengi halielezwi hata mara moja.

Tukitazama mahali pa kusomea, chaguo si moja. Goethe-Institut ipo Nairobi, na ipo pia Dar es Salaam. Faida yake ni walimu waliofunzwa kufundisha, maktaba, na mtihani wenyewe kufanyika hapo hapo. Mara nyingi aliyesoma kwao hulipia mtihani bei ya chini kuliko anayetoka nje. Ukilinganisha, weka tofauti hiyo ya bei ya mtihani ndani ya karo, maana wengi huisahau. Upungufu wake ni kwamba nafasi hujaa mapema, na ratiba yake haibembelezi mtu mwenye zamu za usiku.

Vyuo binafsi vya mjini vina uhuru wa ratiba: asubuhi, jioni, Jumamosi. Baadhi vina walimu walioishi Ujerumani miaka mingi na wanafundisha kwa moyo kuliko unavyoweza kutarajia kwa karo ile. Lakini ubora hutegemea mwalimu mmoja, na mwalimu huyo akihama katikati ya muhula darasa nalo hufa. Omba kuketi darasani kipindi kimoja kabla ya kulipa. Chuo kinachojiamini hakikatai. Ukiwa pale usihangaike na rangi ya ukuta. Hesabu wanafunzi, sikiliza ni Kijerumani kiasi gani kinazungumzwa na ni nani anayekizungumza, kisha omba kuona daftari la mwanafunzi aliyekaa karibu nawe.

Vyuo vikuu ni habari nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta, pia Makerere kule Kampala, vimekuwa na Kijerumani katika masomo yao. Somo la ngazi ya kati katika chuo kikuu huenda polepole: saa nne kwa wiki kwa wiki 14 ni saa 56, kama vipindi 75 kwa muhula, kwa hiyo kiasi ambacho kozi ya haraka hukimaliza kwa miezi miwili chuo kikuu hukichukulia mwaka mzima. Anayekimbizana na tarehe ya viza hapo si mahali pake. Lakini anayetaka kuwa mwalimu, mfasiri au mtafiti hatapata mahali pengine mtu wa kumsomea insha ndefu, kumwonyesha historia ya lugha na kumlazimisha kusoma riwaya nzima. Ninasikitika kuona idara hizi zikipimwa kwa kipimo cha viza peke yake. Pamoja na hayo, jua mapema kwamba alama ya A kwenye karatasi ya chuo kikuu mara nyingi haichukui nafasi ya cheti cha mtihani wa lugha ubalozini, kwa hiyo gharama ya mtihani ibaki kwenye hesabu yako.

Kuna pia wanaojiuliza kama si afadhali kwenda kusomea B1 Ujerumani kwenyewe. Tuitazame bei. Kozi ya utangamano ya serikali ya Ujerumani, ambayo ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya kuijua nchi, iliwekewa mwaka 2022 mchango wa euro 2.29 kwa kipindi kwa mshiriki anayejilipia. Vipindi 200 vya ngazi moja vinafika euro 458. Kwa hesabu ya shilingi 150 kwa euro, hizo ni shilingi 68,700, kama 343 kwa kipindi. Darasa lenyewe, basi, halipiti sana lile la Nairobi la elfu arobaini na tano. Lakini kozi hiyo ni ya watu wenye vibali vya kuishi kule, kama vile waliofuata wenzi wao wa ndoa. Anayeomba viza ya kusoma lugha tu hudaiwa kozi ya nguvu ya saa zisizopungua 18 kwa wiki kwenye shule inayotoza bei ya soko, pamoja na ushahidi wa pesa za kuishi. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto na kutolewa kidogo kidogo. Wa kozi ya lugha huweza kudaiwa zaidi. Euro 11,904 ni karibu shilingi milioni moja na laki nane. Familia inayouza shamba ili mtoto akasome B1 Ujerumani inalipia pango na chakula cha Ujerumani kwa kitu ambacho sehemu yake kubwa kinapatikana Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam.

Njia ya au pair inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 27 na anapenda watoto kweli. Familia mwenyeji humpa chumba, chakula, bima na euro 280 za mfukoni kwa mwezi, na humchangia kozi ya lugha. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Mwaka mmoja wa kuishi hivyo, pamoja na darasa la jioni la Volkshochschule, shule ya umma ya watu wazima iliyopo karibu kila mji wa Ujerumani, huweza kumfikisha B1 kwa gharama ya nauli, viza ya euro 75 na mambo madogo madogo. Bei yake nyingine haimo kwenye risiti: ni mwaka wa kulea watoto wa watu mbali na nyumbani, na bahati ya familia unayoangukia. Uliza kwa maandishi, kabla ya kukubali, siku zipi utakwenda darasani na nani atabaki na watoto saa hizo.

Turudi kwa mtu aliyebaki nyumbani. Kinachonipa matumaini ni kwamba nusu ya mtihani haihitaji karo kabisa. Kusoma na kusikiliza unaweza kujifundisha mwenyewe kwa bando la intaneti. Deutsche Welle (DW), shirika la utangazaji la Ujerumani, ina kozi ya video ya Nicos Weg, kutoka A1 hadi B1, bure. Ina Top-Thema, makala fupi za B1 zenye sauti na maelezo ya msamiati. Ina pia taarifa ya habari ya kila siku inayosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, ambayo ni ngumu zaidi, lakini msikilizaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ambayo wengi hawaitumii: DW imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1963. Sikiliza kwanza habari za dunia kwa Kiswahili, ujue nani kasema nini na wapi, kisha sikiliza zile za polepole kwa Kijerumani. Utashangaa ni kiasi gani utaelewa. Mtandao wa vhs-Lernportal nao una kozi za bure hadi B2, na Goethe-Institut imeweka mitihani ya mfano mtandaoni bila malipo.

Vitabu visikutie hasara. Darasa moja hutumia Menschen, jingine Netzwerk neu, jingine Aspekte neu. Vyote ni vizuri, na hakuna sababu ya kununua viwili. Nunua kile cha darasa lako, uongeze kimoja cha mazoezi ya sarufi, basi. Tahadhari moja tu kwa wanaonunua vitabu vilivyotumika: mtihani wa Goethe wa B1 ulibadilishwa mwaka 2013 na wa B2 mwaka 2019. Kitabu cha mazoezi kilichoandikwa „Zertifikat Deutsch“ kwenye jalada ni cha mtihani wa zamani. Sarufi yake haijaoza, lakini muundo wa maswali utakupotosha.

Iwapo kusoma na kusikiliza vinapatikana bure, pesa zako ziende kwenye kuandika na kuzungumza. Hapa ndipo mwalimu wa mtu mmoja mmoja anapoingia, na watu humwogopa kwa sababu bei yake ya kipindi inaonekana kubwa. Tuseme anataka shilingi 1,000 kwa kipindi cha dakika 45, na wewe unazungumza nusu ya muda huo. Vipindi 20 ni shilingi 20,000 na dakika 450 za kuzungumza, yaani shilingi 44 kwa dakika. Linganisha na zile 300 na 600. Sasa jumlisha: darasa la 25,000, nauli 7,200 na mwalimu huyu 20,000 inakuwa 52,200, pamoja na dakika 491 za kuzungumza. Darasa la 45,000 na nauli yake ni 53,000, na dakika 150. Kwa bei ile ile umepata dakika mara tatu na zaidi.

Ningekuwa na elfu hamsini na kitu na msingi wangu wa A2 ukiwa imara, ningefanya hivyo bila kufikiria mara mbili: darasa la bei nafuu lenye mwalimu anayefundisha sarufi kwa mpangilio, DW kila usiku, na vipindi vya mwalimu binafsi katika wiki sita za mwisho, nikimpelekea barua mbili za kusahihisha kila tunapokutana. Lakini njia hii inadai mtu anayejisukuma mwenyewe. Jumla ya vipindi inakuwa 116, dhidi ya 160 vya chuo cha pili, na vile 44 vilivyopungua lazima uvifidie mezani kwako. Anayejijua kwamba asipopigiwa kengele hafungui kitabu alipe 45,000 na aende kila siku. Hakuna aibu katika hilo, na atakuwa ameokoa pesa.

Gharama ya kufeli nayo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Goethe-Zertifikat B1 na B2 za sasa zina faida hapa: ukipita moduli tatu na kufeli kuandika, unarudia kuandika peke yake na kulipia hiyo tu. Mitihani ya telc, mtoaji mwingine wa vyeti vya lugha, imegawanywa sehemu ya maandishi na ya mazungumzo, kwa hiyo aliyeangushwa na sehemu ya maandishi huirudia yote. Vyeti vyote viwili vinaheshimika, na vya ÖSD ya Austria pia, kama kuna kituo karibu nawe; ulizia tu ubalozi na mwajiri wako wanakubali kipi kabla hujalipia. Wauguzi wajue kwamba telc ina mtihani wa B1-B2 Pflege, unaotumia lugha ya wodini: kupokeza zamu, kumweleza mgonjwa dawa, kuandika ripoti. Usijiandikishe mtihani kwa sababu muhula umeisha. Fanya mitihani ya mfano miwili kwa saa halisi. Ukipata chini ya 70 katika moduli yoyote, ngoja. Sitini na moja ya nyumbani, ukiwa na chai pembeni, haitabaki sitini na moja kwenye chumba cha mtihani.

Kungoja nako kuna mipaka yake. Ausbildung nyingi huanza Agosti au Septemba, na za uuguzi huwa pia na mikupuo ya Aprili na Oktoba. Hospitali zinazofuata mkataba wa mishahara wa sekta ya umma humlipa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Anayekosa mkupuo kwa sababu ya moduli moja anaweza kupoteza nusu mwaka wa malipo hayo, na hapo elfu ishirini aliyoiokoa kwenye karo haionekani tena. Na cheti, ingawa Goethe-Institut haikiwekei tarehe ya kufa, waajiri na ofisi nyingi hutaka kisiwe cha zamani. Aliyefanya B1 mapema mno, kisha akakaa miaka bila mkataba, anaweza kuambiwa arudie.

Kuna wanaosema hakuna haja ya kuhesabu chochote kwa sababu wakala wa ajira atalipia kila kitu. Mwajiri wa Ujerumani kulipia kozi ya B1 na B2 ya muuguzi ni jambo la kawaida na zuri. Soma tu kifungu cha marejesho: ukiacha kazi kabla ya miaka mingapi utarudisha kiasi gani, na je, deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki zima hadi siku ya mwisho. Tangu mwaka 2022 Ujerumani ina alama rasmi ya ubora kwa uajiri wa haki wa wauguzi kutoka nje, Faire Anwerbung Pflege Deutschland, na msingi wake ni kwamba gharama za kumwajiri muuguzi zinabebwa na mwajiri. Wakala anayekutoza wewe laki tatu za „usajili“ pamoja na karo ya darasa lake mwenyewe anakwenda kinyume cha msingi huo. Mwulize kama ana alama hiyo, kisha tazama mwenyewe kwenye orodha yake mtandaoni.

Yule kiongozi wa watalii wa Diani, na mwenzake wa Malindi au Zanzibar, amekuwa akisikiliza haya yote huku hana haja ya viza wala cheti. Kwake B1 ya chuo inaweza kuwa matumizi mabaya kabisa: atafundishwa kuandika barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba wa Berlin, ilhali anataka kueleza kwa nini kasa huja kutaga usiku na bahari inakupwa saa ngapi. Vipindi 20 na mwalimu binafsi aliyeambiwa wazi kazi anayofanya, vikilenga maneno ya bahari, chakula, afya na dharura, vitamfaa kuliko muhula mzima. Mwombe mwalimu arekodi maelezo yako ya ziara kwa matamshi sahihi, uyasikilize ukiwa njiani, halafu uyaseme kwa wageni kesho yake asubuhi. Wageni wengi wa Kijerumani wakiulizwa kwa adabu husahihisha kwa furaha, na dakika hizo hazina karo.